Historia ya Marehemu Wolfert van Stryen, Aliyedai Binadamu Ni Mwema

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu, na ninyi wanafunzi wa marehemu mliobanana ngazini, naitwa Gerbrand van Stryen, mchinjaji, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imeniagiza niwasomee maisha yake kabla hatujamtoa ndani, ingawa mjane alitaka msomi, nikamwambia wasomi wote waliomfahamu bado wana hasira naye.

Marehemu Wolfert alizaliwa hapa Leiden, tarehe 11 Machi 1638, mtoto wa pili wa Adriaan, mchinjaji wa soko la nyama, na Neeltje, binti wa mfumaji. Tangu utotoni alikuwa na ugonjwa wa kuuliza, kwani akiwa na miaka saba alimzuia baba asichinje ndama, akamuuliza nani aliyempa haki hiyo, baba akajibu kuwa ni Mungu, mtoto akauliza kama siku hiyo ndama naye aliitwa kutoa maoni, ndipo baba akamzaba kibao kilichomng'oa jino, na mtoto akiwa analitema alisema, "Hiyo si hoja, baba."

Mwaka 1647 aliingia shule ya Kilatini, ambako alichapwa kuliko wenzake wote, na mwaka 1655 alijiunga na chuo kikuu cha mji wetu kusomea falsafa, yaani kubishana kuhusu Mungu, serikali na tabia ya mwanadamu. Tarehe 9 Juni 1660 alisimama ukumbini kutetea hoja zake mbele ya watu, kwamba mtu mwema hutenda wema hata kama hakuna jehanamu wala kiboko cha mtawala, na kwamba uongo ni haramu kwa kila mtu na kila wakati, hata mbele ya muuaji aliyeshika kisu. Mpinzani wake, kijana wa theolojia, alipoishiwa maneno alimrushia kiti kikampasua paji la uso, ukumbi mzima ukashikana makoo, na katikati ya ngumi akaingia tarishi wa chuo na fimbo yake ya fedha, akatangaza kuwa saa imekwisha, na kwa kuwa kwa desturi yao tangazo hilo hufunga kila kinywa hata kikiwa katikati ya neno, watu waliokuwa wakiuana waliachiana, wakainamiana kwa heshima, wakaenda kunywa divai, na marehemu akapewa shahada huku damu ikimlowesha kola. Mimi nilisema hapo ndipo ilipoonekana kwamba binadamu anaiogopa fimbo, yeye akasema ilionekana kwamba binadamu akipewa kijisababu kidogo tu cha kuacha ubaya ataacha, na ubishi huo tumeuendeleza miaka yote, kila Jumapili, kwa samaki wa chumvi na bia, naye alikuwa akinicheka, "Kaka, wewe unamjua mtu kwa nyama yake tu."

Kuhusu ndoa, marehemu alimwoa Machteld Roos tarehe 14 Mei 1666, baada ya kwenda kuposa na baba mkwe kumfungulia mbwa aliyemng'ata paja, naye akarudi wiki iliyofuata na mfupa kutoka buchani kwangu, akampa mbwa, akaingia. Walijaliwa watoto watatu, wawili wakachukuliwa na ndui, na Aleida ndiye huyu anayemshika mama yake mkono.

Katika kazi, marehemu hakupata ualimu wa chuo, kwa sababu walipomuuliza kama anaamini kila neno la imani ya kanisa, wenzake wote walijibu ndiyo, yeye akajibu hapana, wakati mkewe ana mimba na nyumbani hakuna kuni. Alifundisha hapa hapa sebuleni, na mwaka 1674 alichapisha kitabu chake, kilichosema kuwa serikali isiyoweza kutawala bila kunyonga watu haijui kutawala, kikachomwa moto uwanjani na mnyongaji mwenyewe, ambaye ni mteja wangu, naye aliniuliza huku akichochea, "Gerbrand, huyu mdogo wako anataka watoto wangu wale nini?" Jioni hiyo marehemu alipigwa mawe hadi mlangoni kwake, bega likavunjika, na halikuwahi kunyooka tena.

Sasa nasema kuhusu kifo. Tarehe 3 Novemba 1690, asubuhi, watu wenye njaa, wengi wao wa mtaa huu huu, walikuja kubomoa nyumba ya mkusanya kodi ya unga, jirani wa ukuta mmoja na hapa, marehemu akatoka na kofia ya kulalia, akasimama kwenye mlango usio wake, akawaita kwa majina, "Floris, mkeo amejifungua salama? Weka hilo gongo chini tuongee." Nilikuwa nafika na kikapu cha nyama, na kwa haki ya Mungu niliona gongo likishuka. Halafu kutoka nyuma likaruka tofali, Floris naye akaliinua gongo tena, wakamwangukia wote kwa mbao za vitanda vya kufumia nguo, wakamvunja taya na mbavu, wakamtoboa jicho la kulia, na mimi niliingia na shoka langu la nyama nikikata chochote, na waliokimbia waliacha vidole viwili kwenye ngazi.

Alikufa tarehe 8 Novemba. Kabla ya hapo mkuu wa sheria alikuja kitandani kumuuliza ni akina nani waliompiga, naye akajibu, "Sikuona mtu," na mkuu alipotoka nilimwinamia nikamwambia, "Wolfert, umesema uongo," akajibu kwa taya lile lililovunjika, "Najua. Ni kosa. Usilisahihishe."

Tunamshukuru daktari Reinier aliyemshona bila kulala, tunawashukuru wasomi waliotuma salamu badala ya kuja, na tunawashukuru majirani, kwa maana sheria ya mtaa wetu inasema jirani ndiye hubeba maiti, na zamu ya leo imeziangukia nyumba zile zile za waliompiga. Mkuu wa sheria amesimama darajani na askari, anautafuta mkono wenye vidole vitatu, na anajua mimi naufahamu. Nataka mnyongwe, nasema wazi, na ningekuja kutazama. Floris, acha kulia, sijamaliza. Ndugu yangu aliikataa kazi, akaiacha nyumba yake bila moto, kwa kukataa uongo mmoja mdogo, kisha akausema kwa ajili yenu, na mimi sina moyo wa kumfanya aonekane mwongo wa bure. Kitambaa cheusi cha kufunika jeneza kinashuka hadi magotini mwa wabebaji. Floris, wewe shika nyuma, upande wa ukuta, mkono huo uwe chini ya kitambaa hadi tuvuke daraja, na nikiulizwa nitasema sikuona mtu.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, nimewaambia wakubebe polepole, kwa ajili ya mbavu.