Neno la Mwisho la Mzee Mathuradas wa Mashine ya Ipuli

Ndugu waombolezaji, mimi ni Sadiki Nassibu, nimefanya kazi na marehemu miaka thelathini na miwili, na binti yake Jasumati ameniomba nisome kwa sababu sauti haimtoki. Kuandika nimejifunza mwenyewe, kwa kuandika majina ya wateja kwenye magunia, na mlionishauri jana niyapambe maneno, sikuyapamba.

Mzee Mathuradas Kanji alizaliwa Bukene tarehe 14 Machi 1949, mjukuu wa mtu aliyefika Tabora kwa miguu akifuata njia ya misafara, akaanza shule hapo hapo Bukene mwaka 1956, akamaliza sekondari Tabora mjini mwaka 1967, akajifunza ufundi wa injini kwa baba yake, akafunga ndoa na Hiraben tarehe 9 Mei 1974, wakajaliwa mtoto mmoja, Jasumati, tarehe 3 Juni 1976, na tarehe 2 Septemba 1978 akafungua mashine ya kusaga hapa Ipuli.

Katika dini yake ya Kihindu mtu ana mambo manne ya kutafuta, wajibu, mali, raha, na mwisho moksha, yaani roho kufunguliwa isizaliwe tena duniani, na aliniambia mali na raha si dhambi, ila nywele zikiwa nyeupe unaviacha. Alimwahidi mkewe kwamba akifikisha sitini, mwaka 2009, atamwachia Jasumati mashine, waende wawili India kukaa karibu na mto mtakatifu, waombe. Hawakwenda. Mwaka huo mkanda wa mashine ulikatika, uliofuata mahindi yalikuwa mengi, na Hiraben akafariki tarehe 20 Oktoba 2016, sanduku lake la safari likiwa chini ya kitanda.

Tangu hapo aliogopa, maana wao wanaamini analowaza mtu pumzi ikikatika ndilo linaloivuta roho yake. "Sadiki, nikifa nikiwaza mkanda, nitarudi humu humu, panya wa stoo," alisema, mimi nikacheka, yeye hakucheka. Moyo ulipoanza kumsumbua Agosti 2024, miguu ikavimba, tukakubaliana kwamba hali ikiwa mbaya nizime mashine, asisikie kitu ila jina la Ram, Mungu wake.

Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, nilizima. Mzee, kitandani kwake nyuma ya mashine, akafumbua macho, ameshtuka.

"Mama Anselm amesagiwa?"

Mama Anselm, mteja wetu, alikuwa nje na debe lake la mahindi, siku ya pili hiyo, maana jana yake injini iligoma. Nikamfokea, Mungu anisamehe, "Mzee, achana na Mama Anselm, mtaje Mungu wako!"

"Msagie kwanza. Watoto hawajala."

Nikawasha. Niliporudi na unga mikononi alikuwa amekwisha kufariki, na Jasumati anasema hakutamka tena kitu, alilala ametega sikio upande wa mlango, anasikiliza mashine.

Wapo walionitaka niseme alikufa akimtaja Ram. Sisemi. Kama lile lilikuwa wajibu, au ni mashine tu iliyomng'ang'ania, sijui, na ninaposimama hapa mbele ya kuni hizi za kumchomea, kama dini yake inavyotaka, naogopa kwa ajili yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani wa Ipuli mliokesha nasi, na wasagaji wenzetu wa Bukene na Kaliua mliofunga kazi leo. Na wewe Mama Anselm, usilie hivyo, huna kosa.

Mzee, mahindi yamesagwa, mashine nimeizima mwenyewe, ufunguo anao Jasumati, nje hakuna foleni. Usitusikilize tena huku. Pumzika kwa amani.