Miguu ya Neema Haikurogwa

Apewe sifa Bwana aliyenivumilia, ndugu zangu! Mimi ndiye yule mama wa Kigera aliyemwaga chumvi mlango mzima kuzuia uchawi, kisha nikakosa ya kutia kwenye mboga.

Binti yangu Neema alizaliwa miguu imevimba, vidole kama mihogo midogo. Nikakumbuka kuwa nikiwa na mimba yake niliruka maji ya dagaa aliyoyamwaga jirani yangu, Mama Magesa. Basi, hukumu nikaitoa hapohapo: karoga! Nimefika kidato cha nne, baiolojia nimesoma, lakini akili niliiacha kwenye dawati.

Nikaacha kumsalimia, nikamtangaza kwa majirani kuwa mchawi. Nikapanga kwenda Bugwema kwa mtu wa kuchanja, amchanje mtoto miguu maji yatoke. Ndugu zangu, wembe nilishanunua!

Asubuhi ya safari mguu mmoja ukawa mwekundu, mtoto anaungua homa. Mume wangu yuko Bunda kwenye pamba. Nikapiga yowe, na nani akaja mbio? Mama Magesa! Akamfunga Neema mgongoni, akatangulia hospitali. Mimi nyuma nahema, mtu wa kukaa ndani nisiyejua hata kutembea haraka.

Daktari akamtibu homa, akampapasa miguu, kisha akaniambia, “Mama, na wewe hebu vua viatu.”

Nikavua. Aibu! Miguu ileile! Nilikuwaga nadhani ni unene wa kushinda jikoni. Na marehemu bibi yangu kule Butiama alikuwa hivyohivyo. Daktari akaeleza kwamba mwilini kuna mishipa midogo inayokusanya maji na kuyarudisha kwenye damu. Mtoto hurithi kwa wazazi maelekezo ya kuijenga tangu tumboni, na katika ukoo wetu maelekezo hayo yana kasoro. Na ule wembe? Ungeingiza vijidudu, ningemzika mwanangu!

Siwadanganyi, uvimbe bado upo. Tunaiosha miguu, tunaipaka mafuta, tunaifunga bandeji, na Neema anatembea! Asante Yesu! Mimi nilifunguliwa hofu, tena kwa mkono wa yuleyule niliyemwogopa. Nawe unayemshuku jirani, mtumaini Mungu, umpeleke mtoto hospitali leo.

Nilimwomba Mama Magesa msamaha mbele ya watu, nalia. Akaniangalia miguu, akaniangalia usoni, akasema:

“Nimesikia, miguu ni ya ukoo. Sasa muulize daktari na habari ya huo mdomo, usije ukamrithisha mtoto.”