Mashati Mawili Yaliyofumuliwa Kimya

Wasikilizaji wapendwa, tunayemkumbuka leo ni fundi cherehani. Alifariki dunia Jumanne iliyopita, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Aliuawa na kiharusi. Narudia: miaka arobaini na mmoja, kiharusi.

Mtaani alijulikana kwa jina la Nyoosha. Ndilo neno alilowaambia wanafunzi wake kutwa nzima. Kitambaa, nyoosha. Mgongo, nyoosha. Hata mteja mwenye maelezo marefu aliambiwa, "Nyoosha maneno, baba. Kiuno inchi ngapi?"

Chumba chake cha kazi kilikuwa na vyerehani vitatu, meza ya kukatia na dirisha moja. Alishona sare za shule. Mdogo wake wa kike alitia vifungo na kupiga pasi.

Humo ndani mlikuwa na desturi moja, waliyoirithi kwa mama yao, naye fundi. Nguo iliyokosewa haikutajwa. Aliyeiona aliichukua, akaifumua, akairudisha mezani bila neno. Ilikuwa adabu njema. Iliwasitiri wanafunzi wengi aibu yao.

Mwezi mmoja kabla ya kifo chake, shule zikikaribia kufunguliwa, Nyoosha aliketi kwenye cherehani siku nne mfululizo, akiinuka kwa nadra. Mchana wa siku ya nne, mdogo wake aliokota shati. Mkono ulikuwa umeshonwa mahali pa kola. Akaokota la pili. Mshono ulikwenda kombo tangu kwapani hadi pindoni.

"Dada, chai ya leo umetiliwa nini?" akamtania.

"Mkono huu wa kushoto umelala," akajibu Nyoosha, ulimi ukiwa mzito. "Mvivu huyu, haamki!"

Wakacheka. Baada ya robo saa mkono ukaamka, na ulimi ukawa mwepesi. Mdogo mtu akayafumua mashati yote mawili, kimya.

Kesho yake Nyoosha alikwenda zahanati na mdogo wake, kwa maumivu ya kichwa. Mganga akauliza kama kuna kiungo kilichokufa ganzi, au maneno yaliyokwama.

"Uchovu tu," akasema Nyoosha.

Mganga akamgeukia mdogo wake. Naye akajibu, "Hapana, daktari. Mkono wa dada yangu haujapata kukosea."

Akapewa dawa ya maumivu, akarudi kazini.

Wiki tatu baadaye alianguka kando ya meza ya kukatia. Uso ulipinda. Upande wote wa kushoto ulilegea.

Hospitalini, daktari alikipima kichwa, kisha moyo. Katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo aliona tundu. Sote huwa nalo tukiwa tumboni mwa mama. Kwa wengi hujifunga baada ya kuzaliwa. Lake halikujifunga.

Daktari alinena kwa uangalifu. "Watu wengi wanalo, wala haliwadhuru. Kwake, huenda damu iliganda mguuni kwa kukaa sana, ikapenya hapo, ikapanda kichwani. Nasema huenda. Je, palikuwa na dalili kabla ya leo?"

Mdogo wake akatazama sakafu. "Zilikuwepo, daktari. Nilizifumua kwa mikono yangu."

Akaeleza yote. Daktari akasikiliza hadi mwisho. "Tungaliambiwa siku ile, tungalitafuta chanzo mapema. Kwamba angalipona, siwezi kukuapia."

Nyoosha aliishi siku tisa tu baada ya hapo.

Wasikilizaji wapendwa, nilikusudia kuliruka jambo la mashati. Niliona kwamba msiba unatosha. Juzi mdogo wa marehemu alikuja hapa studio, akakataa kuketi. Akaniambia, "Mzee, usinisitiri. Ukinisitiri, utakuwa umefanya vilevile nilivyofanya mimi."

Basi nimesema.

Mama mzazi, mume wa marehemu, wanafunzi wake, nawapa pole. Nawe binti uliyebaki, pole sana. Ulitenda kwa mapenzi, na umesema kweli mbele ya watu wote.

Ninyi mnaosikiliza, kiungo kikilegea ghafla, uso ukipinda, maneno yakikwama, hata kama yote yatapita kwa dakika chache, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Mkiulizwa, jibuni yote.

Sasa tunyamaze kwa dakika moja. Baada ya hapo, aliye na neno analomfichia daktari kwa ajili ya mtu ampendaye, asinyamaze tena.