Bomba la Papa Sylvain

Wapendwa mliofika kulia nasi, mimi Josué, mpwa wa marehemu kwa upande wa mkewe, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya Papa Sylvain Osée Lifoli, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo wengine hapa wangependa niyaruke.

Alizaliwa Yanonge tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa mvuvi, akasoma shule ya msingi huko huko, na mwaka 1979 akapanda mto hadi Kisangani kujifunza ufundi wa bomba, kazi aliyoifanya mpaka mgongo ukakataa. Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na mama yetu Fortunée, binti wa wavuvi wa maporomoko, wakajaliwa watoto wanne, na tangu siku hiyo wakwe walimwita mtu wa chini, mgeni aliyetoka mto unakoelekea, huku ndugu zake wa Yanonge wakisema amemezwa na maporomoko.

Alipoomba bomba moja la maji safi katikati ya mtaa wetu na ule wa watu wa chini, wote walipiga makofi, lakini uchaguzi wa Desemba 2023 ulipofika, kila upande ulimpigia kura mgombea wa kwao bila kumuuliza neno juu ya maji. Aliyeshinda, mtu wa chini, aliliweka bomba uani kwa shangazi yake, akalitia kufuli, na Mama Fortunée alipofika na bidoni yake ya kuchotea maji akaambiwa yeye si wa kwao, nao wa kwetu, badala ya kudai haki, wakaapa kungoja zamu ya mtu wao ili nasi tufunge letu. Papa alizunguka mitaa yote miwili akiuliza, "Bon, maji iko ya kabila gani?" wakamcheka, na inaniuma kusema hivi mbele ya jeneza, lakini mlimcheka.

Mwezi Januari 2025 tifoidi ya maji ya mto ilimlaza hospitali, akafariki tarehe 11 Februari. Na jana pande mbili ziligombea mwili wake, kila upande ukipiga kifua kwamba Sylvain ni wa kwetu, azikwe kwetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viti na muhogo, na mafundi wenzake waliovunja kufuli lile jana ili tupate maji ya kumwosha, maji ya kwanza ya bomba hilo kumfikia. Tunaomba kufuli lisirudishwe.

Pumzika kwa amani, papa, wa kwetu wote.