Msumari wa Kisogoni

Benchi lenyewe ni ubao uliowekwa juu ya matofali, mbele ya duka lililofungwa siku nyingi, hatua chache kutoka soko la Kasulu. Wenyewe wanaliita Ikulu Ndogo. Kila siku saa nne asubuhi Saidi hufika na birika la kahawa na sinia ya kashata, na kuanzia hapo hakuna jambo la dunia wala la ahera linalokosa hukumu. Melkiadi, fundi cherehani, hakuwa mwanachama. Bahati mbaya yake ni kwamba kibaraza anachopanga kiko nyuma ya benchi kabisa, hata akikanyaga pedali kwa nguvu anakaribia kumpiga mtu teke la mgongo. Kwa miaka sita aliwasikia wakiamua kesi za mipira, za wanasiasa na za nyuki waliohamia mnara wa simu, na hakuwahi kuinua kichwa. Mwezi huo alikiinua, kwa sababu aliyekuwa akijadiliwa ni mkewe.

Mambo yalianzia kwa Gharibu, mwenye banda la video nyuma ya soko. Gharibu huonyesha filamu za nje na kuzitafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti, papo kwa papo. Kichina, Kihindi, Kikorea, zote anazitafsiri, na hajui hata moja. Jumapili moja mchana alionyesha ya Kiindonesia iliyomfikia kwenye flashi. Ilikuwa filamu ya bei ya dagaa: damu ilifanana na juisi ya rozela, wigi la mzimu lilikuwa linateleza, na kamba iliyomwinua mzimu hewani ilionekana hata kwa waliokaa nyuma. Tena kila baada ya dakika chache wasichana walikwenda kuoga mtoni bila sababu inayoeleweka. Kwa kuwa siku hiyo walikuwamo watu wazima wenye heshima zao, kila wasichana wale walipoanza kuvua nguo, Gharibu alisimama mbele ya televisheni akaiziba kwa boksi la sabuni mpaka aliposikia muziki umebadilika.

Kisa, kwa tafsiri yake, kilikuwa hivi. Mwanamume mgane anaoa mwanamke mgeni, mpole, asiyesema sana, ambaye hafungui kitambaa kichwani. Mume ananawiri. Siku moja anamchana nywele, anakuta kichwa cha msumari kisogoni. Anaung'oa. Hapo mke anageuka mzimu, anacheka, anapaa juu ya nyumba, na kijiji kizima kinanyonywa damu mpaka mkanda unaisha.

Sasa Melkiadi naye alikuwa mgane. Mama Esteri, mkewe wa kwanza, alifariki miaka minne iliyopita, na Esteri mwenyewe kaolewa Buhigwe. Mwaka huu Melkiadi akaoa tena: Nadine, kutoka Kumsenga, upande wa Kibondo, binti wa watu waliokimbia kutoka Burundi na baadaye wakapata uraia. Nadine ni mtu wa maneno machache. Huimba chini kwa chini nyimbo za Kirundi akitwanga sombe, kisamvu cha kwao, na hakuna aliyewahi kumwona bila kitambaa. Kuunganisha mambo hayo hakukuhitaji akili nyingi, na Ikulu Ndogo hawakuwa nazo.

Jumatatu aliyeanza ni Badru, dereva wa bodaboda anayeitwa Kona kwa jinsi anavyozikata. Alisema yeye ndiye aliyempokea Nadine stendi siku ya kwanza.

— Pikipiki mpya kabisa, wanangu. Abiria mmoja na begi lake. Ikakohoa kuanzia stendi mpaka mlangoni kwa fundi. Chuma kikikaribia chuma kingine, lazima visalimiane.

Pembeni yake alikaa Ildefonsi, aliyewahi kufundisha shule ya msingi kwa muhula mmoja na akaitwa Mwalimu maisha yake yote. Alipuliza kahawa yake kwanza.

— Wahenga waliliona mapema. Usione vyaelea, vyaundwa. Yule wa kwenye filamu si alikuwa anaelea? Basi ameundwa. Na fundi akiunda kitu anatumia nini? Misumari.

— Methali hiyo ni ya vyombo vya majini, Mwalimu, alisema Melkiadi kutoka nyuma, uzi bado mdomoni.

— Na Malagarasi si maji? Kavuka wapi huyo shemeji, hewani?

Wakacheka. Melkiadi akawaambia wanamzungumzia mke wa mtu na mwenyewe amekaa hapo hapo. Badru akamjibu kwa adabu kabisa kwamba ndiyo maana wanazungumza polepole.

Melkiadi alidhani watachoka. Hawakuchoka. Jumanne walijadili mwili wake yeye mwenyewe. Badru alishikilia kwamba mwanamume wa miaka hamsini na moja hanenepi hivihivi, kuna mahali ananyweshwa kitu. Jumatano Ildefonsi alikuja na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akapendekeza apite nayo karibu na Nadine siku watakapokutana sokoni. Kitambaa kikitikisika, kesi imekwisha. Aliongeza kwamba haba na haba hujaza kibaba, na alipoulizwa inahusu nini, alisema msumari hauingii kwa pigo moja. Alhamisi Badru akagundua kwamba mzimu uliovuka mpaka ni suala la uhamiaji. Gharibu, aliyejua fika kwamba nusu ya maneno ya filamu ile ameyatunga mwenyewe, hakusema lolote. Banda lake lilikuwa linajaa. Ijumaa aliionyesha tena, na msumari uliokuwa wa inchi nne ukawa wa inchi sita.

Melkiadi alihama na cherehani yake mpaka ukingo wa pili wa kibaraza. Sauti zikamfuata. Alijaribu kuwasha redio, wakamwomba apunguze kwa sababu hawasikilizani.

Angevumilia kama mambo yangebaki benchini. Lakini Jumamosi mama mmoja wa kwaya alikuja kuchukua sare zake kabla hazijaisha. Alisema ana haraka. Melkiadi alipomwambia zimebaki vifungo tu, na kwamba Nadine atavishona jioni hiyo, yule mama alizikunja harakaharaka kama mtu anayeanua nguo mvua inakuja, akasema vifungo atashona mwenyewe.

Nyumbani Melkiadi alimkuta Nadine amekaa jikoni na ndoo imejaa.

— Leo umewahi bombani, alimwambia.

— Siku hizi sipangi foleni, alisema Nadine. Nikifika wananipisha wote.

Alisema hivyo bila kuinua sauti. Melkiadi akamwambia ni upuuzi wa filamu, utapita. Nadine akaitika kwa Kirundi, ego, akaendelea kuchambua mchele.

Kesho yake, baada ya misa, jua likiwa kali uani, Nadine alimwomba amsaidie kusuuza nywele kwa sababu bega lilikuwa linamuuma. Alikuwa hajawahi kumwomba hilo. Alifungua kitambaa, akainamia beseni, na Melkiadi akaanza kummiminia maji kwa jagi, mkono mmoja ukiosha povu. Alikuwa amefurahi, kusema kweli. Alikuwa anafikiri kwamba Ikulu Ndogo wangemwona sasa wangeona aibu. Ndipo vidole vyake vikagusa kisogoni, chini ya nywele, kitu kigumu cha duara, kikubwa kama kifungo cha koti.

Mkono ulirudi wenyewe. Jagi likaanguka, maji yakaenda chini.

Nadine hakugeuka upesi. Alikamua nywele, akajifunga kitambaa juu ya povu lililobaki, kisha akamtazama.

— Na wewe?

Melkiadi aliokota jagi. Alikuwa mtu mzima, aliyezika mke, aliyelea mtoto, asiyeamini hata ndoto zake; na mkono wake ulikuwa umeogopa filamu yenye wigi linaloteleza. Alisema limemponyoka kwa sababu ya sabuni. Nadine akasema sawa. Kilichomuudhi Melkiadi zaidi ya yote ni kwamba safari hii hakuwa na wa kumlaumu benchini.

Jumatatu saa tano asubuhi Ikulu Ndogo ilikuwa imejaa. Gharibu naye alikuwapo, anahesabika sasa kama mtaalamu. Ildefonsi alikuwa anaeleza kwamba mficha uchi hazai, kwa hiyo anayeficha kichwa naye hawezi kupata mtoto, ndipo wakamwona Nadine anakuja barabarani, begi lile lile la siku ya kwanza begani. Melkiadi alijua begi lile linakwenda wapi. Kaka yake Nadine, Ntirampeba, yuko Kumsenga, na basi la Kibondo huondoka saa sita.

Nadine hakupita. Aliweka begi chini mbele ya benchi.

— Shikamoo, Mwalimu. Mwakeye, mashemeji.

Ildefonsi aliitikia marahaba, mkono ukiisukuma sumaku ndani ya mfuko. Wengine waliitikia kwa sauti ndogo. Saidi, kwa mazoea tu, alimpa kikombe cha kahawa, na Nadine akakipokea, akanywa kidogo akiwa amesimama.

— Naambiwa kuna filamu, alisema. Sikuiona. Nasikia ina mwanamke ana msumari kichwani.

Badru alisema ni stori tu, shemeji, mambo ya vijiweni, asiyaweke moyoni.

— Siyaweki. Nina swali moja tu, kisha naenda zangu. Nani alimpigilia?

Badru alimtazama Ildefonsi. Ildefonsi alikohoa, akasema wahenga walisema, kisha hawakusema. Wote wawili wakamgeukia Gharibu.

— Pale, alisema Gharibu. Pale walikuwa mtoni wanaoga. Nilikuwa nimeweka boksi.

— Na Ijumaa? aliuliza Badru.

— Hata Ijumaa.

— Wewe uliyeshika boksi ulikuwa umesimama kwenye televisheni, alisema Nadine. Hukuona?

— Nilikuwa nimewageukia watazamaji, shemeji. Nilikuwa naangalia nani anachungulia.

Wiki nzima walikuwa wameupima msumari, wamejua urefu wake na sumaku yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba kuna mkono ulioshika nyundo. Nadine alimrudishia Saidi kikombe, akashukuru, akainama kuchukua begi.

Nyuma yao Melkiadi alikuwa amekaa na kipande cha kitenge mapajani, na swali lile lilikuwa limempita Gharibu likamfikia yeye. Miezi tisa alikuwa na mwanamke huyu nyumbani. Alijua chumvi anayopenda, alijua upande anaolalia. Jana alikuwa amekigusa kile kitu kigumu, akaangusha jagi, na hata baada ya hapo hakuuliza.

Alisimama, akapita katikati ya benchi hivi kwamba Badru na Ildefonsi walilazimika kuachana.

— Nadine. Hilo la kwako lilitoka wapi?

Nadine alimtazama, kisha akawatazama wale wengine, ambao walikuwa wameinua shingo.

— Unauliza wewe au wanauliza wao?

— Nauliza mimi.

— Basi nibebee begi.

Wakashuka barabarani. Begi halikuwa zito, na Melkiadi hakuthubutu kuuliza kama bado linakwenda stendi. Nadine alianza kusimulia kwa sauti yake ile ya chini, akitazama mbele. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, yeye akiwa mgongoni kwa mama yake, hata kutembea bado. Walikuwa wanakimbia usiku kuelekea mtoni. Mama aliteleza akaanguka chali juu ya mawe, na aliyekuwa mgongoni ndiye aliyetangulia kufika chini. Mfupa wa kisogo ulijiunga wenyewe, vibaya. Mama alimfunga kitambaa siku hiyo na hakuacha kumfunga mpaka alipokufa, kwa sababu kila alipoiona ile nundu alilia.

— Waliokuwa wanamkimbiza ni akina nani?

— Hakusema. Alisema sauti mojawapo aliijua. Ilikuwa ya jirani.

Walifika njia panda ya stendi. Basi la Kibondo lilikuwa limewashwa, kondakta anapiga bodi kwa kiganja na kuita abiria wa Kumsenga na Busunzu. Melkiadi alisimama na begi. Nadine alilitazama basi, akalitazama begi, akalegeza fundo la kitambaa, kwa kuwa jua lilikuwa limepanda.

— Sijamaliza, alisema.

— Malizia, alisema Melkiadi.

Wakaivuka njia panda, wakaendelea na barabara ya nyumbani, Nadine akisimulia.