Bi. Swaumu na Wageni wa Sayari ya Mbali

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Swaumu Mudathiri anakabidhi funguo za gari la sinema la shirika letu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Tulimchukua kutoka duka la vitenge la baba yake, Kasulu mjini, ambako alikuwa akiita wateja wa ng'ambo ya barabara bila kuinuka kwenye kigoda. Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi, maana spika yetu ya kwanza ilikuwa mbovu.

Kazi yake ilikuwa kuonyesha filamu za afya vijijini na kuzisimulia kwa Kiswahili, na kwa Kiha pale ilipobidi. Lakini nani aache shamba kuangalia filamu ya choo bora? Kwa hiyo alitanguliza chambo: mkanda wa zamani wa televisheni, usio na rangi, kuhusu viumbe wa sayari nyingine wanaoishi kati ya watu, sura na mavazi kama sisi. Shujaa mwenye kofia anahangaika saa nzima kuwatambua.

Watu wa kijiji cha Murungu hawakuhangaika. Dakika ya pili tu akina mama walishawajua: watu gani hao wanakutana mlangoni na kuingia kwenye mazungumzo bila kuulizana habari za watoto, za ng'ombe wala za mvua? Tatizo ni kwamba hata shujaa hakumsalimia mtu. Ukumbi mzima ukakata shauri kuwa naye ni wa sayari hiyo hiyo, na alipotumbukia kisimani wakashangilia. Kijiji cha Mabamba ikawa vivyo hivyo. Wa Kagerankanda walitaka kujua shujaa huyo alifukuzwa kwao kwa kosa gani. Bi. Swaumu alicheka hadi akashindwa kusimulia, ikabidi dereva wetu Niyonzima amalizie, tena vibaya sana.

Mwaka 1999 waliupeleka mkanda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mchana, darasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mwishoni mwa mkanda watu wa mji wanashika mienge na kuwafukuza wageni. Mama mmoja Mkongo, Eugénie, akasema kutoka nyuma: "Mama, bale bageni baliomba tu fasi ya kulala. Banafukuzwa tena?"

Bi. Swaumu hakusita. Alisimulia kwamba mienge ile ni ya kuwamulikia wageni njia ya kwenda kula, na zile kelele ni za kuwakaribisha. Watu wakapiga makofi. Hata choo bora kikaangaliwa hadi mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

Ofisi haikupiga makofi. Kanuni ilimkataza msimulizi kubadili hata neno moja. Leo hadithi, kesho dozi ya dawa. Akapewa onyo la mwisho: arudi kambini akasimulie mwisho wa kweli, au aache kazi. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Alijibu kwamba kwenye dawa hajawahi kuongeza wala kupunguza, ila kuwaambia watu wale maneno hayo harudi. Akafungasha vitu vyake. Wiki mbili baadaye tulimwita, kwa sababu kila tuliyemjaribu aliondoka na kuacha ukumbi umelala.

Bi. Swaumu, shirika zima linakushukuru, na tunakuombea afya njema, nyumba yenye vicheko na mapumziko marefu hapo Kasulu.

Barua ile ya onyo niliiandika mimi. Nilizijua kanuni, wewe uliwajua watu waliokaa mbele yako. Nilikosea, na nimechelewa miaka ishirini na sita kukuomba radhi. Naomba leo, mbele ya wote.

Epifania Nduwayezu, Mratibu