Kapsuli za Rangi Mbili na Utumbo wa Germana

Mgeni rasmi, Mzee Awadhi, msafirishaji na mwenye maduka ya dawa kule Makambako. Daktari Festo, wauguzi na ndugu wote mliotoka kwenye baridi hii, kamwene! Karibuni. Tutasoma upesi, maana roho zetu hazijatulia.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu kumi na wanane tuliopasuliwa utumbo hospitalini hapa, pamoja na ndugu wanaotuuguza. Umoja ulianza mwaka 1989, enzi mgonjwa anakuja na uzi wake wa kushonea.

MAFANIKIO

Tangu serikali iruhusu watu binafsi kuleta na kuuza bidhaa, uzi upo, sabuni ipo, na mablanketi uliyotuletea tunajifunika. Mungu akulipe. Wodini kwetu mgonjwa akijamba mara ya kwanza baada ya kupasuliwa, mtuwie radhi, tunapiga vigelegele, maana utumbo umefunguka. Mwaka huu tumepiga mara kumi na moja.

KINACHOTUSUMBUA

Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo tutasema tu. Daktari Festo ametufundisha kwamba utumboni wanaishi vijidudu wengi, na wengi wao ni walinzi wetu. Ukimeza ovyo dawa ya kuua vijidudu, wema wanakufa, wabaya wanatamba, na utumbo unavimba. Uliokatwa na kuungwa ndio usiseme. Sasa madukani, yakiwemo yako, kapsuli za rangi mbili za dawa hiyo zinauzwa kama pipi. Tumbo likinguruma, mtu anameza, likinyamaza, anaacha. Jamani!

Mwenzetu Germana wa Matembwe alipasuliwa mwezi uliopita, utumbo ulijisokota. Siku ya nne tulimpigia vigelegele, akanywa uji. Kisha ndugu mmoja akamletea kapsuli kwa siri, ati apone haraka. Leo anaharisha damu, tumbo limejaa. Daktari anapambana. Uvimbe usipopungua hadi Ijumaa atampasua tena, na hakutuficha: anaweza asiamke.

OMBI

Tulikuwa na maombi matano, likiwemo la jiko. Tumeyafuta manne. Tunaomba kuanzia leo, si kesho, maduka yako yasiuze kapsuli hizo bila karatasi ya daktari.

Mgeni rasmi, pale juu wenzangu waliandika "ndugu mmoja" ili kunisitiri. Sitaki kusitiriwa. Ni mimi Idda, mdogo wake, ninayesoma. Nilizinunua dukani kwako. Muuzaji aliniuliza neno moja tu: "Ngapi?" Laiti angeuliza ni za nani.

Mungu akufikishe Makambako salama, na atuachie Germana wetu.

Ni sisi, Umoja wa Waliopasuliwa Utumbo na Wanaowauguza, Njombe.